Namba Kumi na Moja Imeamkaje?

Mimi sijui kuzungumza na mtu ambaye hajanisalimu. Sijui, na sitaki kujifunza. Nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo ukiingia na shida yako mdomoni bila kuuliza watu wameamkaje, unarudishwa mlangoni uanze upya, hata kama shida yenyewe ni moto jikoni. Nilipokwenda Minneapolis kusoma uhandisi wa mitambo, kisha nikaajiriwa hukohuko, nilibadilika kwa mengi. Nilijifunza kuvaa soksi juu ya soksi, kula mkate uliotiwa sukari, kuendesha gari juu ya barafu bila kupiga kelele. Lakini hilo la salamu nililigomea, na kidogo linirudishe nyumbani kabla sijawa tayari kurudi.

Hiyo ni miaka ya tisini. Ofisi yetu ilikuwa Fridley, kaskazini ya mji, katika jengo ambalo chini ni karakana na juu ni meza zetu. Kampuni ilikuwa na mitambo ya upepo, lakini hukuiona kwa dirisha la ofisi. Ilikuwa mbali, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari kuelekea kusini-magharibi, kwenye tambarare za mahindi ambako upepo hauna mti wa kugongana nao. Mama aliponiuliza kwa simu nafanya kazi gani, nilimwambia kuna mapangaboi makubwa, kama yale ya darini, ila haya yamesimamishwa juu ya minara mirefu kuliko minazi.

"Yanampepea nani?" akauliza.

"Hayampepei mtu, mama. Upepo ndio unayapepea, sisi tunapata umeme."

"Haya," akasema, kwa ile sauti ya mtu aliyeamua kutobishana na simu ya mbali.

Kazi yangu hasa ilikuwa kuchakaa. Naam, kuna mtu analipwa kufikiria kuchakaa, na mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo. Mtambo wa upepo mapanga yake huzunguka polepole, na jenereta yake inataka mbio. Katikati yao kuna giaboksi, sanduku zito limejaa meno ya chuma yanayogeuza ule mwendo wa pole kuwa mbio. Vitu vingine vyote fundi atapanda mnarani na spana zake avibadilishe. Giaboksi haibadiliki hivyo. Giaboksi inataka kreni, na kreni katika nchi ile haiji kwa sababu umeiita. Theluji ikianza kuyeyuka, barabara za changarawe huwa tope tupu, na serikali ya wilaya inayafungia magari mazito mpaka ardhi ikauke. Sasa kwa bahati mbaya, au kwa kusudi la Mungu la kutukomoa, wakati huohuo ndio upepo unavuma vizuri kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa moja tu. Giaboksi itachakaa, hilo halizuiliki, hata ukiiombea dua. Unachoweza kupanga ni ichakae kwa mwendo gani, na mwisho wake ufike wakati kreni inaweza kupita. Ukiiacha ife inapotaka yenyewe, itakufia mwezi wa tatu na wewe utakaa uitazame.

Kila asubuhi nilimpigia simu fundi wetu wa kule tambarareni. Alikuwa mtu mzima, ana shamba lake la mahindi lililopakana na mitambo, anaishi na mama yake mzee. Siku ya kwanza nilipompigia nikamwambia habari za asubuhi, umeamkaje. Akajibu, "Kimeharibika nini?"

"Hakijaharibika kitu. Nakusalimu."

Nikadhani laini imekatika.

"Si mbaya," akasema hatimaye.

Watu wa Minnesota ni hivyo. Mtu anaweza kuwa ameoa jana, ukamuuliza hali, akakwambia si mbaya. Lakini mimi sikumwachia hapo. Nikauliza na wa nyumbani je. Akajikuna, nilisikia kabisa anavyojikuna, akasema mama yake nyonga inamsumbua. Nikampa pole, nikauliza leo ameamkaje. Nikauliza shamba. Kisha nikauliza mashine. Akasema zote ziko sawa.

"Hapana," nikasema. "Moja moja. Namba moja imeamkaje?"

Najua alidhani mimi ni kichaa. Alinijibu kwa adabu, kama unavyomjibu mtoto wa mwenye nyumba. Lakini alijibu, kuanzia namba moja mpaka ya mwisho, na kesho yake pia, na baada ya muda nikipiga simu naikuta kahawa yake iko tayari mezani, namsikia anavyoivuta. Akaanza hata kunisalimu yeye kwanza. Akaniuliza mama yangu kule Tanga ameamkaje. Jamani! Mtu ambaye hata jirani yake alikuwa akimpungia kidole kimoja tu kwenye usukani.

Nilikuwa nakaa palepale Fridley na mwenzangu Mkenya, muuguzi msaidizi katika hospitali moja huko Maplewood. Yeye alinicheka mpaka akashika mbavu.

"Nyinyi Watanzania mnasalimiana mpaka chai inapoa," akasema. "Sasa umeanza kusalimia mashine? Aki wewe umeharibika!"

"Wewe wodini unawauliza wagonjwa wako wameamkaje au huwaulizi?"

"Nawauliza, lakini hao ni watu."

"Na ukiwauliza, wanakwambia tu kile kilichoandikwa kwenye chati?"

Akasema nisimletee maneno ya chati nyumbani, yeye yuko off. Lakini nilijua nimempata. Ijumaa kila wiki yule fundi alikuwa akituma faksi ofisini, na faksi ile siku zote ilisema kila kitu kiko sawa. Mtu yuleyule, mashine zilezile. Kwa simu, baada ya nyonga ya mama na bei ya mahindi na mbwa aliyekula glovu, ndipo anavuta pumzi na kusema, "Kumi na moja... si mbaya sana." Hilo neno "sana" ndilo nililokuwa nalisubiri kila asubuhi. Faksi haina koo. Haisiti.

"Si mbaya sana kivipi?" nikauliza.

"Oili inanuka kidogo. Labda ni pua yangu."

Haikuwa pua yake. Alipofungua filta tukakuta vumbi la chuma, laini kama unga wa muhogo. Meno yalikuwa yanalika. Hiyo ilikuwa vuli, majani yameshaanza kuanguka, na mbele yetu kuna baridi nzima na upepo wake wote.

Sasa nieleze kuhusu bosi. Hakuwa mtu mbaya, sitaki nimsingizie. Alikuwa anafika kabla yetu sote, anaondoka baada yetu. Lakini alikuwa na tabia ya kuja mpaka mezani kwako na kuanza moja kwa moja, "Namba tisa jana imezalisha kidogo, kwa nini?" Mimi nilikuwa nainua uso na kusema, "Habari za asubuhi." Kisha nasubiri. Anagonga kiatu. Nasubiri. Mwishowe anaitema ile "habari za asubuhi" kama kokwa la embe, ndipo namjibu namba tisa imefanya nini. Wenzangu walikuwa wanainamia karatasi zao wasije wakacheka.

Nilimwendea na habari ya kumi na moja. Nikamwambia tuipunguzie mzigo mpaka kiangazi. Upepo ukiwa mkali tuyageuze mapanga yake yapokee nusu yake, mwingine upite. Na tuache kuipiga breki kila upepo unapolegea, maana kinachoyaua meno ya gia si kuzunguka, ni kusimamishwa kwa kishindo. Upepo ukilegea tuiache ijizungukie bure, ukirudi iendelee. Na asubuhi za baridi kali, oili inapoganda kama samli, isitwishwe kazi mpaka izunguke kwanza na kupata joto.

Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo alikuwa nalo. Kisha akasema, "Mashine ni ya kufanya kazi. Haibembelezwi."

"Siibembelezi. Naitunzia upepo wa mwezi wa nne."

"Na upepo wa mwezi wa kwanza unautupa."

"Nautupa nusu. Wewe utautupa wote wa mwezi wa nne."

Hapo akakasirika. Akasema haya yote yametoka wapi, faksi inasema mashine iko sawa. Nikasema yametoka kwenye simu. Akasema hilo nalo alitaka kulizungumza, simu zangu za asubuhi ni ndefu, na kuanzia leo faksi inatosha, mambo ya nyonga za watu si kazi ya kampuni. Nikamjibu kwamba bila hizo nyonga asingejua kuna vumbi la chuma kwenye oili, na kwamba simu sitaacha kupiga. Nilisema hivyohivyo, "sitaacha." Neno lilitoka zima.

Lazima kieleweke kilichokuwa mezani. Mimi nchi ile nilikuwa kwa kibali cha kazi, na kibali kilikuwa chini ya kampuni. Kampuni ikikuacha, nchi nayo imekuacha, unafungasha. Kibali changu kilikuwa kinakaribia mwisho, na wa kusaini kiendelezwe ni yeye. Alinitazama, akakumbuka hilo, nami nikamwona akikumbuka.

"Sawa," akasema. "Chukua kumi na moja, iendeshe utakavyo. Ikifika kiangazi ikiwa nzima, nitasaini. Ikivunjika kabla ya hapo, baada ya kunipotezea umeme wa baridi yote, sitakuwa na sababu ya kukuombea ubaki."

Nikasema, "Sawa." Nikamshukuru na kumtakia mchana mwema, maana kwetu huondoki kwa mtu kama mwizi.

Mwenzangu nilipomweleza jioni, alikuwa anavua viatu vya kazi mlangoni. Akabaki na kiatu kimoja mkononi.

"Umeweka kibali chako kwa fan?"

"Pangaboi."

"Usiniletee! Si ungesema tu yes sir, ufuate faksi vile anataka, ukae? Watu wanalia kupata hiyo karatasi, wewe unaicheza."

"Sichezi. Mashine inakufa na mimi najua. Nikae kimya ili nikae?"

"Ndiyo! Wote tunakaa kimya ili tukae!" Alisema hivyo kwa hasira kweli, akaenda zake jikoni, na chakula cha siku ile tulikula bila redio. Nilimwelewa. Alikuwa anafanya zamu mbili mbili, magoti yamevimba, na hakuna aliyemuuliza wodini kwake ameamkaje yeye. Lakini kumwelewa si kumkubalia.

Baridi ikaja. Sikuacha simu. Niliwahi ofisini mapema, nikapiga, nikasalimu kuanzia mama mpaka mashine ya mwisho, na ilipofika kumi na moja nikakaa wima. Kisha nafungua kompyuta, ambayo kwa laini ya simu iliweza kuamrisha mtambo kutoka Fridley, na kulingana na nilichosikia naongeza kidogo au napunguza. Asubuhi za baridi ile inayogandisha pua, wakati magari yote ya jirani zetu yamechomekwa nyaya za umeme yasigande, mimi nilikuwa naiacha kumi na moja ijizungukie taratibu mpaka fundi aseme oili imelegea. Jirani yake, namba kumi na mbili, mtambo wa aina hiyohiyo na umri huohuo, ulikuwa unaamshwa kwa kofi na kutwishwa mzigo wote palepale.

Kila mwisho wa wiki kulikuwa na mkutano wa kusoma umeme wa kila mtambo, na kila mkutano kumi na moja ilikuwa ya mkia. Bosi alisoma namba yake, akanitazama, akageuza ukurasa. Mmoja ofisini alichora picha ya mtambo umefungwa skafu, umetiwa kipimajoto mdomoni, akaibandika karibu na mashine ya kahawa. Walitaka nione haya. Nilichukua kalamu nikauchorea kofia ya sufu na buti, nikaandika chini yake, "Ametoka kuoga, msimpigie kelele." Picha ilikaa palepale baridi yote.

Lakini moyoni? Loo, niliogopa. Kila simu ikilia nadhani ni kumi na moja imekwenda. Niliota meno ya gia. Nilianza kupima sanduku zangu kwa macho, hili litaingia nguo, lile vitabu, sufuria nitamwachia mwenzangu. Siku moja nilipaki gari nje ya duka nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, kwa sababu kama mashine ikivunjika wangesema ni kwa kuwa nimeidekeza, na mtu yeyote baada yangu akisema punguzeni mzigo angeonyeshwa picha ya skafu.

Kisha kumi na mbili ikafa. Ilikuwa mwisho wa baridi, upepo wa kutosha, kazi mzigo wote kama kawaida yake. Fundi alisema alisikia mlio kutoka shambani kwake, na alipofika mapanga yamesimama na oili inamwagika ndani. Giaboksi ilikwama, meno yakang'oka. Nyingine iliagizwa ng'ambo. Ilipofika bandarini na kuletwa mpaka Minnesota, theluji imeanza kuyeyuka, changarawe imekuwa uji, na wilaya imefunga barabara. Kreni ikabaki kwenye yadi yake, giaboksi mpya ikabaki karakanani chini ya turubai, na upepo mzuri kuliko wote wa mwaka ukaanza kuvuma juu ya tambarare, ukapita kwenye mapanga ya kumi na mbili yaliyofungwa.

Mtu angedhani hapo nimeshinda. Thubutu! Hapo ndipo mambo yalipochacha.

Asubuhi moja ya wiki hizo nilimpigia fundi. Mama nyonga afadhali. Mbwa mzima. Namba moja mpaka kumi, si mbaya. Kisha akakohoa.

"Sema," nikamwambia.

"Kumi na moja. Si mbaya sana. Upepo ukilegea kuna sauti, kama mtu anatafuna barafu."

Nikamuuliza sauti iko mbele au nyuma ya sanduku, kubwa kuliko jana au ileile. Nikaipunguza zaidi, mpaka ikawa inazalisha kama mgonjwa anayekunywa uji. Bado nina mkono kwenye kibodi, bosi huyo hapo.

"Kumi na mbili imekufa," akasema. "Kumi na moja uipandishe. Mzigo wote, kuanzia sasa. Tunahitaji umeme wake."

"Habari za asubuhi," nikasema.

"Sina muda wa hayo!"

"Mimi ninao. Habari za asubuhi."

Ofisi nzima ilikuwa imesimama. Akarudia, mzigo wote, sasa hivi, na hili ni agizo. Nikamwambia beringi ya giaboksi imeanza kulalamika, ikitwishwa mzigo wote haitafika wiki, na barabara zimefungwa, atakuwa na mitambo miwili imekufa kwa pamoja. Akasema mtambo ni wa kampuni. Nikasema najua. Akasema kibali chako. Alilitaja hivyo, mbele za watu.

Basi damu ikanipanda. Nilisimama. Mimi mfupi, na yeye mtu wa ukuta mzima, lakini nilisimama, nikavuta kiti changu pembeni, nikamwonyesha kibodi.

"Karibu," nikasema. "Hiki hapa. Kabla haijakubali itakuuliza jina la anayeipandisha. Andika lako. La kwangu siliweki. Unirudishe kwetu leo, nitarudi nikiwa sijaivunja mimi."

Alikitazama kile kibodi. Nafikiri nilimsikia akipumua. Dirishani kulikuwa na theluji chafu inayodondoka kutoka paani, na kwa chini kule mtu wa karakana alikuwa anagonga kitu. Bosi aliinua mkono kidogo, akaurudisha mfukoni. Kisha akageuka akaenda ofisini kwake na kufunga mlango. Hakuandika jina lake.

Nilikaa. Hakunifukuza siku hiyo wala kesho yake, ila hakusema nami neno mpaka ardhi ilipokauka. Nilikuwa napita kwenye korido namsalimu kwa sauti, "Habari za asubuhi," na yeye anaitikia kwa kidevu. Niliendelea kumsalimu hivyohivyo. Angenikomesha vingine, si kwa hilo.

Kumi na moja ilizunguka mwezi wa tatu, ikazunguka wa nne, wa tano ikauingia. Taratibu, inatafuna barafu yake, lakini inazunguka, na umeme wake mdogo uliingia kila siku ambapo wa kumi na mbili haukuwepo kabisa. Kiangazi kilipofika na upepo ukalala, barabara zikafunguliwa, kreni ikaenda. Ilipandisha giaboksi mpya ya kumi na mbili, na kwa kuwa imeshafika, ikateremsha ya kumi na moja palepale na kupandisha nyingine mahali pake. Safari moja, kreni moja, siku ambazo hakuna upepo wa kupoteza. Kwa kumi na moja, ndivyo nilivyopanga tangu vuli, neno kwa neno.

Wakaileta karakanani Fridley, wakaifungua. Nilishuka kutazama na bosi akashuka. Meno yalikuwa yamelika, yana vidonda vidonda, beringi moja imepasuka pete yake. Ilikuwa imebakiza pumzi chache sana. Bosi alipitisha kidole gumba juu ya meno yale, moja, jingine, jingine. Kidole kikatoka cheusi.

"Una bahati," akasema.

"Bahati gani hiyo," nikamjibu, "inayopiga simu kila asubuhi?"

Alisaini kibali changu wiki hiyohiyo, nikakitandaza mezani nyumbani. Mwenzangu alikisoma mara mbili, akaniambia mimi ni mjinga wa kiwango cha juu, kisha akanikumbatia akanibana mbavu. Kuanzia siku hiyo, akirudi kutoka Maplewood, kabla hajavua viatu namuuliza, "Magoti yameamkaje?" Na yeye ananijibu kweli, hata kama ni kwa kunitukana.

Lakini bosi ni bosi. Haukupita muda akaja mezani kwangu akiwa amebeba boksi. Alisema kuanzia sasa mitambo yote itaendeshwa kama kumi na moja, mzigo kwa hali ya mashine, breki kidogo, giaboksi kubadilishwa kiangazi kabla haijafa. Aliyasema kana kwamba ameyaota yeye, nikamwacha, yangefanya kazi vilevile. Kisha akafungua boksi. Ndani mlikuwa na kifaa cha kupima mtetemo wa giaboksi, kitafungwa kwenye kila mtambo na kuleta vipimo kwenye kompyuta. Kitu kizuri, sikatai. Nilikishika nikakigeuzageuza, nikakipenda.

"Kwa hiyo," akasema, "hakuna tena haja ya zile simu."

Nikamtazama. Nikarudisha kifaa kwenye boksi lake, polepole. Nikavuta simu, nikabonyeza kile kitufe kinachofanya sauti isikike mezani kote, nikapiga. Ikaita. Bosi amesimama.

"Umeamkaje?" Ilikuwa sauti ya fundi, amewahi yeye.

"Salama. Na wewe?"

"Si mbaya. Mama yako?"

"Hajambo, anakusalimu. Na wa kwako?"

"Jana kaanguka ngazini. Kidogo tu. Na sikiliza, namba nne leo..." Akavuta kahawa yake. "Namba nne si mbaya sana."

Bosi akasogea. Nilimwona anatazama simu, kisha boksi, kisha simu. Akavuta kiti cha meza ya jirani, akakiweka karibu na changu, akaketi na kuinama kusikiliza, na mdomo ukamfunguka aulize namba nne ina nini.

Nikamnyooshea kidole, angoje.

"Namba nne tutaifikia," nikamwambia fundi. "Kaangukaje mama? Upande wa nyonga ileile?"